Homa ya ndege: Twahesabu kuku waliokufa, bata tumemsahau

Mwanzoni mwa Januari 2017, ndege wa porini walianza kuonekana wakiwa wamekufa katika ghuba ya Lutembe, kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, nchini Uganda. Wengi wao walikuwa buabua, ndege wa majini wa jamii ya shakwe ambao huja pande zetu kila mwaka wakiikimbia baridi ya Ulaya na Asia. Muda si muda habari zikatoka wilaya ya Masaka kwamba kuku na bata wa vijijini nao walikuwa wakifa. Uchunguzi wa maabara ukathibitisha homa ya ndege ya aina ya H5N8. Kenya ilifunga mpaka wake kwa kuku, mayai na vifaranga kutoka Uganda, na wafanyabiashara wa Nairobi waliokuwa wakitegemea trei za mayai kutoka ng'ambo ya Busia na Malaba wakabaki kushika tama.

Katika kelele hizo zote, kiumbe mmoja alipita bila kutiliwa maanani. Naye ni bata.

Ukizirejelea taarifa za wakati huo utamkuta kuku katika kila kichwa cha habari, ilhali bata hujitokeza kwa nadra, tena kama mfuasi: kuku na bata, kuku na ndege wengineo. Lugha yenyewe inachangia. Kiswahili cha kawaida hakina neno moja jepesi linalowajumlisha kuku, bata, kanga na bata mzinga. "Ndege wa kufugwa" ni refu mno kwa safu nyembamba ya gazeti, na hivyo basi mhariri huandika "kuku" na kuendelea na kazi yake. Lingekuwa jambo la kuchekesha tu lau si kwamba hata njia tunayoitegemea kuugundua ugonjwa huu imejengwa juu ya fikra iyo hiyo. Tunasubiri kuku wafe kwa wingi, mfugaji apige ripoti kwa chifu au kwa afisa wa mifugo, sampuli ipelekwe Kabete, nasi tujue.

Kwa kuku njia hiyo yafaa. Kuku akipatwa na aina kali ya homa ya ndege, banda zima laweza kuteketea kwa siku mbili tatu. Kwa bata mambo ni kinyume. Bata aweza kuambukizwa, akala, akaogelea, akataga, na huku akivitawanya virusi kila anapopita. Ukimtegemea kuku akupe habari, utazipata, lakini utazipata zikiwa zimechelewa.

Virusi vya homa ya ndege na jamii ya bata ni majirani wa tangu jadi. Bata wa porini wamekuwa wakivibeba matumboni bila kudhurika, wakivitoa majini pamoja na kinyesi, na wenzao wakivinywa. Aghalabu aina hizo huwa hafifu. Tatizo huanza pale virusi vya kundi la H5 au H7 vinapoingia katika mabanda ya kuku, kwa kuwa humo baadhi hubadilika na kuwa vikali, tayari kuua. Huo ndio mkondo uliozoeleka: hafifu kwa bata, kali kwa kuku.

Vile vya H5N1 vinavyoisumbua dunia hadi leo vina ukoo unaojulikana. Vilitambuliwa mwaka 1996 katika bata bukini wa kufugwa mkoani Guangdong, kusini mwa China. Mwaka uliofuata viliwaingia binadamu mjini Hong Kong. Watu 18 wakaugua, 6 wakafariki, na kuku wapatao milioni 1.5 wa mji huo wakaangamizwa. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo bado iliaminika kwamba bata hafi kwa homa ya ndege. Kisha, mwishoni mwa 2002, bata na ndege wengine wa majini katika bustani za Hong Kong wakaanza kufa, baadhi yao wakiwa na dalili za kuathirika ubongo. Wataalamu walishtuka. Jirani wa jadi alikuwa amegeuka adui.

Lakini kioja kikubwa zaidi kilikuwa bado njiani. Mwaka 2005 watafiti waliowaambukiza bata wa kufugwa kwa virusi vya H5N1 vilivyokusanywa Asia mnamo 2003 na 2004 walichapisha matokeo yao. Baadhi ya bata hao waliendelea kutoa virusi kwa muda wa hadi siku 17. Katika muda huo, virusi visivyomdhuru bata ndivyo vilivyozidi kutamalaki, na vile vya kumuua vikapungua. Kwa maneno mengine, virusi vilikuwa vikimtengeneza mwenyeji wa kudumu: asiyekufa, asiyelala chini na asiyetiliwa shaka na mtu yeyote. Kirusi kinachomuua mwenyeji wake upesi hukosa pa kukaa. Ndani ya bata, H5N1 ilikuwa imejipatia makao.

Kwa nini bata astahimili kinachomshinda kuku? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2010, watafiti walipoonyesha kwamba bata ana jeni iitwayo RIG-I ambayo kuku hana. Jeni hiyo huunda protini inayofanya kazi kama bawabu ndani ya seli. Kirusi cha homa kinapoingia, bawabu hukitambua mara moja na kuuamsha mwili ujikinge kabla maambukizi hayajaenea. Kuku, kwa kukosa bawabu huyo, hushtuka nyumba ikiwa tayari imevamiwa. Si jibu kamili, ila linatosha kutuonyesha kwamba tofauti baina ya bata na kuku i katika maumbile yao na haitokani na lishe bora au banda safi. Mfugaji anayejivunia kwamba bata wake "ni wagumu" hajakosea. Ugumu huo huo, hata hivyo, ndio unaomponza kuku wa jirani yake.

Tusidhani, kwa upande mwingine, kwamba bata wote ni mamoja. Umri una uzito wake. Vifaranga wa bata wenye wiki chache hufa kwa urahisi zaidi kuliko bata wazima waliopatwa na kirusi kile kile. Aina nayo ina uzito wake. Bata weupe wa Kichina, ambao wana asili moja na bata wa porini wa kaskazini mwa dunia, huvumilia zaidi. Bata tuliowazoea vijijini mwetu, wale wenye ngozi nyekundu iliyovimbavimba usoni, wana asili ya Amerika Kusini, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba hao huathirika upesi na hufa kwa wingi zaidi. Kirusi chenyewe hubadilika pia. Aina ya H5N8 iliyozuka Masaka mwaka 2017, na ambayo mwaka uo huo ilizuka Ituri, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Albert, iliwaua bata pamoja na kuku.

Hapo ndipo bata anapotutatiza. Laiti angekuwa hafi kamwe, tungemchukulia daima kuwa mshukiwa na kumpima bila kungoja dalili. Laiti angekuwa anakufa kila mara, angetuonya kama kuku anavyotuonya. Yeye hufanya yote mawili. Mwaka huu hufa, mwaka ujao hunusurika. Vifaranga hufa, mama yao hubaki akitembea. Mfugaji aliyewahi kuwaona bata wakifa kwa homa hii ataamini kwamba wale waliobaki wazima hawana ugonjwa, na imani hiyo yaweza kuwa ya hatari kubwa.

Zipo dalili ambazo yafaa kuzijua. Bata aliyeathirika aweza kupinda shingo, kuogelea kwa kuzunguka mahali pamoja, kutetemeka au kushindwa kusimama. Macho yake yaweza kufunikwa na ukungu mweupe. Anayetaga hupunguza mayai ghafla. Baadhi huhara na kuzubaa. Taabu ni kwamba dalili hizi si za homa ya ndege pekee, kwani kideri huweza kuupinda shingo ya ndege, na sumu iliyomo katika mizoga na maji machafu humlegeza bata hata akashindwa kuinua kichwa. Mtu wa kijijini akimwona bata akizunguka majini atasema amelishwa sumu na jirani mwenye wivu, na ugomvi utakaozuka utawaondoa wote katika fikra ya kumwita daktari wa mifugo.

Afisa anayefika naye asikimbilie kuchukua sampuli ya kinyesi peke yake. Kwa desturi, virusi hafifu vya bata hutafutwa nyuma, kwa kuwa hukaa utumboni. Aina za H5N1 zilizotoka Asia zilionyesha tabia tofauti, zikipatikana kwa wingi zaidi kooni. Atakayepangusa upande mmoja tu aweza kurudi Kabete na jibu la kwamba hakuna kitu.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni manyoya. Watafiti wa Japani waliwachunguza bata wa kufugwa walioambukizwa H5N1 na kugundua kwamba virusi huzaana ndani ya manyoya yenyewe. Walipoyatenga manyoya yaliyong'olewa, virusi vilidumu kwa siku 160 katika baridi ya nyuzi 4, na kwa siku 15 katika nyuzi 20. Joto la Kisumu au Mombasa bila shaka hupunguza muda huo. Nyanda zetu za juu ni kando, maana usiku wa Kinangop haupishani sana na jokofu. Sasa mtu na ajiulize manyoya ya bata aliyechinjwa nyumbani hutupwa wapi. Hutupwa nyuma ya jikoni, kuku huyachakura, na watoto huyaokota wakachezea.

Hatari kwa binadamu haitokani na nyama iliyoiva. Joto la mapishi ya kawaida, yaani nyuzi 70 na zaidi hadi ndani ya mnofu, huviua virusi hivi, na maji yanayochemka ya kunyonyolea yana msaada wake. Hatari iko katika kushika, kuchinja, kunyonyoa na kupasua. Nchini Azerbaijan mwaka 2006, kundi la watu, wengi wao wasichana na wanawake vijana, waliambukizwa baada ya kunyonyoa manyoya ya bata-maji wa porini waliokuwa wamekufa. Vietnam kulitokea wagonjwa waliohusishwa na mlo wa damu mbichi ya bata. Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limesajili zaidi ya watu 900 walioambukizwa H5N1 ulimwenguni, na karibu nusu yao walifariki. Idadi hiyo ni ndogo ukilinganisha na malaria, na virusi hivi bado havijapata uwezo wa kuenea kwa wepesi kutoka mtu hadi mtu. Kinachowakosesha wataalamu usingizi ni kwamba kila bata, kila ng'ombe na kila mtu anayeambukizwa huvipa virusi nafasi nyingine ya kubadilika. Machi 2024 H5N1 ilithibitishwa katika ng'ombe wa maziwa nchini Marekani, jambo ambalo wachache walikuwa wamelitazamia.

Nchi iliyotufunza zaidi kuhusu bata na homa hii ni Thailand. Katika nyanda za kati za nchi hiyo, wafugaji walikuwa na desturi ya kuwahamisha bata kutoka shamba moja la mpunga hadi jingine. Mpunga ukishavunwa, bata huachiliwa shambani wale punje zilizodondoka, konokono na wadudu. Shamba likiisha, hupakiwa malorini na kupelekwa kwingine, hata mamia ya kilomita. Mkulima husafishiwa shamba, mfugaji hupata chakula cha bure, na mayai huwa mengi. Ulikuwa mfumo wa busara, na hakuna aliyeuona ubaya wake hadi 2004, H5N1 ilipotapakaa nchini humo.

Serikali ya Thailand ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazikulithubutu. Badala ya kungoja ripoti, kuanzia Oktoba 2004 ilituma mamia ya maelfu ya watu wa kujitolea wapite nyumba kwa nyumba wakitafuta ndege wagonjwa na kuchukua sampuli. Takwimu za msako huo zilipopangwa kwenye ramani, ilibainika kwamba ugonjwa ulidumu pale ambapo bata wa kuzunguka walikuwa wengi. Kuku wa kienyeji walihusika pia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Ufugaji wa kuzunguka ukawekewa vikwazo vikali, na bata wengi wakalazimika kufungiwa. Baada ya 2008 Thailand haikuripoti tena H5N1 katika ndege wake wa kufugwa kwa miaka mingi.

Vietnam, yenye bata wengi kuliko uwezo wa serikali kuwafungia, ilichagua chanjo mwaka 2005, na kwa muda ikapiga marufuku uanguaji wa vifaranga wa bata. Vifo vya watu vilipungua sana, ila virusi havikutoweka. Nchi jirani ya Cambodia, ambayo haikuwa na desturi ya kuwalipa fidia wafugaji, ilikaa miaka kadhaa bila mgonjwa wa H5N1, kisha Februari 2023 msichana mdogo akafariki, na tangu hapo wagonjwa wameendelea kuripotiwa mwaka baada ya mwaka.

Msomaji wa Ahero au Mwea ataniambia kwamba hatuna malori ya bata. Ni kweli, wala sidai kwamba Kano ni Thailand. Bata wetu ni wachache, hufugwa watatu au sita katika boma, na ni nadra kumkuta mtu aliyewekeza pesa nyingi kwao. Ila uchache huo haukibadilishi kile bata anachokifanya. Kuku wa Budalang'i hashuki mtoni kuogelea na ndege wa kigeni. Bata hushuka. Asubuhi huondoka bomani, huingia katika mifereji ya mpunga, kinamasi cha Yala au ufuo wa ziwa, hukaa siku nzima pamoja na ndege waliotoka Siberia na Bahari Nyeusi, kisha jioni hurejea na kulala banda moja na kuku. Kwa lugha ya mjini tungesema bata ni broka. Huwakutanisha ndege wa porini na kuku wa nyumbani ambao wenyewe kwa wenyewe hawangekutana kamwe.

Si haki, hata hivyo, kumtwika ndege wa porini lawama zote. Mara nyingi virusi husafiri kwa gari kuliko kwa mabawa. Vifaranga wa magendo, trei za mayai zisizooshwa na matenga ya kubebea kuku huvuka mipaka usiku na mchana bila pasipoti. Na katika masoko yetu ya kuku hai, bata huwekwa tenga moja na kuku kutoka wilaya nyingine, kisha asiyenunuliwa hurudishwa nyumbani. Mwaka 2020, watafiti waliripoti kwamba walikuwa wamevipata kwa mara ya kwanza virusi vya H9N2 katika kuku wa masoko hayo humu nchini. H9N2 ni hafifu, haikuwaua kuku wa kutisha, na ndiyo maana hakuna mfugaji aliyeripoti. Ilipatikana kwa sababu watu walikwenda sokoni kuitafuta. Mfano huo unanitosha. Kirusi cha homa ya ndege chaweza kuwa kati yetu, kikipita kutoka tenga hadi tenga, huku sisi tukisema nchi ni salama kwa kuwa simu ya afisa wa mifugo haijalia.

Ufaransa imejaribu njia nyingine, na ni mfano wa kutazamwa kwa makini na wenye kupanga sera. Kusini magharibi mwa nchi hiyo hufugwa mamilioni ya bata kwa ajili ya maini yaliyonona, chakula cha anasa. Homa ya ndege iliwapiga mwaka 2016, ikarudi, ikarudi tena, na katika msimu wa 2021 na 2022 ndege zaidi ya milioni 20 wakachinjwa nchini humo. Mnamo Oktoba 2023 Ufaransa ilianza kuwachanja kwa lazima bata wote katika mashamba yenye ndege 250 na zaidi, serikali ikibeba sehemu kubwa ya gharama. Msimu uliofuata, milipuko ilishuka kutoka mamia hadi takriban 10. Ni ushindi ambao hauna mfano katika historia fupi ya ugonjwa huu.

Mbona basi wengine hawaigi? Kwa sababu ya biashara. Mara tu Ufaransa ilipoanza kuchanja, Marekani iliweka vikwazo dhidi ya bidhaa zake za kuku na bata. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Chanjo humzuia bata asiugue, lakini haimzuii kila mara asiambukizwe. Na bata aliyechanjwa akiambukizwa atakuwa mficha-siri hodari kuliko alivyokuwa hapo mwanzo. Ufaransa ilijibu kwa kuchunguza mizoga ya bata kila wiki na kuwapima waliochanjwa mara kwa mara, kazi inayohitaji maabara, madaktari na fedha. Marekani nayo haikusalimika kwa kutochanja. Januari 2025 shamba la bata la Long Island, jimbo la New York, lililokuwa limedumu kwa zaidi ya miaka 100, lililazimika kuwaangamiza bata wake wapatao 100,000.

Kwetu sisi, maoni yangu ni kwamba chanjo ya bata si ya leo. Hatuna mashamba makubwa ya bata, na kumfuata bata mmoja mmoja vijijini kwa sindano mbili mbili, ilhali hata chanjo ya kideri huwafikia kuku wachache, ni ndoto. Kinachowezekana, tena kwa gharama ndogo, ni kumgeuza bata kutoka mficha-siri hadi mtoa habari. Kaunti zenye maziwa na mpunga, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Nakuru na Kirinyaga, zingechagua maboma machache yenye bata na kuchukua sampuli kutoka koo na nyuma mara kadhaa katika miezi ambayo ndege wa kigeni huwa wamewasili, kati ya Oktoba na Aprili. Bata wazima ndio wangepimwa. Huko sokoni, lingekuwa jambo jepesi kukataza bata na kuku kuwekwa tenga moja.

Nani afanye kazi hiyo? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwakabidhi magavana huduma za mifugo pamoja na jukumu la kudhibiti magonjwa ya wanyama. Sera ya taifa na maabara kuu zikabaki Nairobi. Mgawanyo huo una mantiki yake, ila kirusi hakijui mpaka wa Busia na Siaya. Kaunti moja ikipima na nyingine isipime, iliyopima ndiyo itakayoonekana yenye ugonjwa, soko lake litafungwa, na gavana atajuta kwa uaminifu wake. Wakati wa hofu ya 2005 na 2006, ugonjwa ulipoingia Nigeria, Misri na Sudan, Wakenya waliacha kula kuku ingawa hapakuwa na ndege hata mmoja aliyethibitishwa kuugua humu nchini. Wafugaji waliopoteza pesa wakati huo hawakulipwa na mtu. Ndiposa naamini kwamba upimaji wa bata ni lazima uamrishwe na kugharamiwa na serikali kuu kwa kaunti zote hizo kwa pamoja, ama usianzishwe kabisa.

Lipo pia swali la fidia, ambalo serikali za Afrika hulikwepa hadi siku ya msiba. Nigeria ilipopatwa mwaka 2006, ilitangaza naira 250 kwa kila kuku aliyeangamizwa, na wafugaji wengi wakalalamika kwamba bei hiyo ilikuwa chini ya soko. Kuku wa Nigeria angalau alikuwa anakufa. Mwenyewe alijua kwamba akisubiri kesho hatakuwa na cha kulipwa. Mwenye bata hana msukumo huo. Kuku wa jirani wamekufa, bata wake wanakula vizuri, nao maafisa wamefika na magunia wakimtaka awatoe bata wazima wakachinjwe kwa ajili ya usalama wa taifa.

Katika boma nyingi za magharibi bata ni mali ya mama wa nyumba. Hahesabiwi na mume, hatolewi mahari, na huuzwa siku ya karo au dawa bila kuombwa ruhusa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, humpa afisa uwezo wa kuingia na kuwachukua. Kinachokosekana ni bei ya bata iliyoandikwa mapema na kutangazwa kwa redio za lugha za mama, na pesa zilizotengwa ambazo zitafika kwa simu yake siku hiyo hiyo. Bila hayo, gari la idara ya mifugo litakaposikika likiingia kijijini, bata sita watakuwa tayari kikapuni juu ya bodaboda, wakielekea soko la Port Victoria.